Neno Lililobaki kwa Mama Ines

Afande Odong alifariki mwezi uliopita, na kabla mwili wake haujasafirishwa kwenda kaskazini tulimwombea hapa Kampala, nyumbani kwa binti yake Lamaro, chini kidogo ya kilima cha Naguru. Waombolezaji wengi walikuwa askari wastaafu na wake zao, wanazungumza kile Kiswahili cha kambini kisichojisumbua na sarufi, na mimi nilijificha jikoni pamoja na wanawake waliokuwa wakimenya ndizi za matooke. Lamaro alinifuata huko. Alikaa kwenye kigoda karibu yangu, akasubiri wenzetu watoke na beseni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Aunti Riziki, siete ni nini?" Kisu kilisimama mkononi mwangu. Alisema baba yake, siku zake za mwisho, alikuwa akiutazama mlango na kulitaja neno hilo, na hakuna mtu katika familia aliyelielewa; si Kiacholi, si Kiswahili, si Kiingereza. "Ni saba," nikamwambia. "Ni saba kwa Kihispania." Akanitazama kama mtu aliyepewa ganda la ndizi badala ya ndizi. "Saba tu?" Wanawake wakarudi na beseni, na sikuweza kumjibu zaidi pale. Namjibu hapa.

Mwaka nilipolisikia neno hilo kwa mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimefika kutoka Bukavu, kule Kongo, na ya nyuma ya hapo nayaacha huko huko. Nilikuwa nikilala Kisugu, katika chumba cha Noella, tuliyejuana naye kanisani, chumba chenye godoro moja na pazia la kitenge lililotenga jiko na kitanda. Mchana tulitembeza vitenge sokoni Nakivubo, tukiwakimbia wenye maduka waliotulaumu kwa kuwaharibia biashara. Kisha mama mmoja wa kanisani akasema kuna Mzungu mzee Naguru anatafutiwa msichana wa kumtunza, msichana anayejua Kiswahili na Kifaransa. Kiswahili kwa ajili ya mgonjwa, Kifaransa kwa ajili ya mtoto wa kaka yake aliyekuwa akipiga simu kutoka Hispania. Nilikwenda siku ya pili yake. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya vigae vyekundu, yenye uwanja ulioota majani marefu kuliko ilivyopasa, na getini alikuwa mlinzi mrefu aliyevaa koti la polisi lililokwisha rangi. Huyo ndiye alikuwa Odong. Alinitazama kwa muda mrefu kupita kawaida. "Wewe natoka wapi?" akauliza. Nikamwambia. Akafungua geti bila kuniondolea macho, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipokuona.

Mama Ines alikuwa ameishi Uganda karibu maisha yake yote ya utu uzima. Alikuwa mshonaji, na kwa miaka mingi aliwafundisha wake wa askari kushona, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kama chao. Halafu kiharusi kikamwangukia. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburutwa, na maneno yote aliyokuwa nayo, ya Kihispania, ya Kiswahili, ya Kiganda, yakazimika, likabaki moja. Siete. Kusikia alisikia kila kitu. Ukimwambia alete kikombe, alileta. Ukimtania, alicheka. Lakini kila alipofungua kinywa ajibu, neno lililotoka ni lile lile, na uso wake ulionyesha kwamba ndani ya kichwa chake maneno mengine yote yalikuwepo, yamepangwa vizuri, yanasubiri mlango ufunguliwe. Daktari alisema hutokea. Mtu hubakiwa na neno moja, na hakuna anayejua kwa nini ni hilo na si jingine.

Siku ile ya kwanza hakuna aliyenieleza haya. Odong alinionyesha mlango wa jikoni akabaki nje. Baadaye niligundua kwamba hakuwa akikanyaga ndani ya nyumba ile kabisa, hata mvua ikinyesha, na chakula chake, ugali wa posho na maharage, alikila kwenye kibanda cha geti. Niliingia peke yangu. Nikasikia watu wanaongea chumba cha pili. Mmoja aliuliza, mwingine akajibu kwa hasira kidogo, kisha kukawa na kimya, kisha kicheko, kisha maelezo marefu yaliyoshuka polepole kama mtu anayesimulia habari za msiba. Nikafikiri ana wageni. Nikakaa jikoni kwa adabu kusubiri waondoke, na nilipokuwa nimekaa ndipo sikio langu likaanza kuyatenganisha maneno, nikagundua kwamba lilikuwa neno moja, na sauti moja. Nilisukuma mlango. Bibi mwembamba mwenye nywele nyeupe alikuwa ameketi mezani kando ya cherehani, na mbele yake kiti kitupu, na mbele ya kile kiti kikombe cha chai kilichokuwa kikitoa mvuke. Akanigeukia. "Siete," akasema kwa upole, kama vile karibu.

Usiku nikamsimulia Noella huku tukila sombe ya majani ya muhogo, nikamwambia neno lile linafanana na *sept*, saba ya Kifaransa. Alitikisa kichwa. "Ile haiko namba," alisema. "Ile ni jina. Mutu hawezi kubembeleza namba." Nikamcheka. Sikumcheka kwa muda mrefu.

Aliyenifungulia neno lile ni Marta, mtoto wa kaka yake, ambaye alipiga simu kila Jumapili. Simu ilikaa ukumbini juu ya kitambaa cha kufuma, nami nilisimama pale nikimsimulia kwa Kifaransa shangazi yake amekula nini, amelala vipi, na amelisemaje neno lake. Marta alikuwa na mazoea ya kucheka na kulia kwa pumzi moja. Aliniambia kwao saba si hesabu tu. Mtu anayezungumza sana wanasema anazungumza kuliko saba, na anayekula sana vivyo hivyo. "Shangazi yangu alikuwa akizungumza kuliko saba," alisema, "na sasa ona amebakiwa na nini." Paka kwao ana roho saba. Kitu kilichofungiwa kabisa kisiguswe na mtu, kiko chini ya funguo saba. Na nguo ikinaswa na msumari ikachanika kwa pembe, pindo moja likaenda kulia na jingine likashuka, ule mpasuko wenyewe unaitwa siete, kwa sababu umekaa kama tarakimu ya saba. Mshonaji hulisema kila siku, alisema Marta. Labda ndiyo maana halikumtoka.

Basi nikaanza kumsoma. Nikimpelekea mkate uliochomwa na mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, kama Marta alivyonifundisha, naye akasema siete huku akijipigapiga tumbo, nilijua anasema amekula kuliko saba. Siku paka wa jirani alipoanguka kutoka kwenye paa na kuondoka akichechemea, siete ya Mama Ines ilikuwa ya kucheka, nami nilijibu, "Ndiyo, Mama, bado anazo nyingine." Macho yake yalijaa machozi siku ile kwa furaha ya kueleweka. Nilijivunia, nakiri. Katika mji ambao watu walinisahihisha kila nikifungua mdomo, nilikuwa mtu pekee aliyeijua lugha ya nyumba ile.

Lakini kulikuwa na siete moja ambayo sikuielewa. Ilikuja saa za alasiri, mawingu yanapokusanyika upande wa ziwa na nyumba inapoanza kuingia kiza kabla ya mvua. Mama Ines alikuwa akiweka kikombe cha pili mbele ya kiti kitupu, anageukia mlango wa ukumbini, na kulisema kwa sauti ndogo, ikipanda mwishoni. Kisha alisubiri. Mimi pia nilijikuta nasubiri. Nilipomuuliza Marta kuhusu hiyo, hakucheka wala hakulia. "Tutaongea siku nyingine," alisema.

Mwanzoni mwa mvua kubwa nilinaswa na waya wa uzio wakati nikianua nguo, na gauni langu likachanika begani. Niliingia nikamwonyesha Mama Ines mpasuko wenye pembe yake kamili. "Siete!" alisema akacheka, na mimi nikacheka, kwa kuwa kwa mara moja neno na kitu vilikuwa vimekutana. Kisha uso wake ukatulia. Kwa mkono wake mzima akavuta kutoka kifuani uzi wenye funguo za nyumba, akanionyesha kabati la ukumbini ambalo siku zote lilikuwa limefungwa. Ndani kulinuka vidonge vya kufukuzia nondo. Kulikuwa na nguo za msichana zilizokunjwa vizuri, na juu yao gauni la kijani lenye kola nyeupe. Alinisukumia. Nilikataa, akasisitiza, nikalivaa. Wanaoshona wataelewa ninachosema: nguo ya mtu mwingine hukudai kitu, hata iwe nzuri namna gani, mahali fulani itabana au italegea. Ile haikudai kitu. Mabega, kiuno, urefu, hata mkato wa kwapa, kila kitu kilikuwa changu. Nilipogeuka, Mama Ines alikuwa amesimama bila fimbo yake. Akalisema lile neno kwa sauti ile ya alasiri, ikipanda mwishoni, safari hii akinitazama mimi usoni. Nje ya dirisha kulitokea mlio wa bati. Odong alikuwa ameangusha birika lake la chai na alikuwa akinitazama kupitia kioo. Kisha akageuka akaenda getini, na siku ile hakuja kuchukua chakula.

Jumapili nilimbana Marta. Ndipo akaniambia kwamba kuna maana moja aliyoificha. Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati, wa miezi saba, kwao ana jina lake linaloanza na neno hilo. Mke mmoja wa askari, mwanafunzi wa Mama Ines, alijifungua mtoto wa namna hiyo na kufa. Mama Ines alimchukua yule mtoto, akamzungushia pamba na chupa za maji ya moto, akamlea. Kanisani alibatizwa Rosa, nyumbani hakuitwa kwa jina jingine ila Siete. Alikua, akajifunza kushona. Zamani, katika miaka ile mibaya ya vizuizi vya barabarani, alitoka alasiri moja kwenda kununua nyuzi na hakurudi. Hakuna aliyemwona, hakuna mwili uliopatikana. "Alikuwa na umri gani?" niliuliza, ingawa nilijua. "Umri wako," alisema Marta. Kisha akaniomba kitu. Akaniomba nimwache shangazi yake aamini kwamba Siete amerudi. "Nasikia kutoka kwako kwamba analala vizuri sasa, anakula. Utapoteza nini?"

Sikujua nitapoteza nini, kwa hiyo nilikubali. Kila alasiri nilivaa gauni la kijani, nikakaa kwenye kile kiti, nikanywa kile kikombe cha chai. Alinifundisha kushona kwa vidole, akinishika mkono, akisema siete, siete, na kwa kweli nilijifunza haraka kuliko nilivyostahili. Siku moja mkasi ulipotea mezani. Mkono wangu ukapita chini ya meza ya cherehani, ukakuta msumari, na mkasi mwingine wa zamani ukining'inia pale. Sikuwa nimeonyeshwa msumari ule. Nilikaa nimeushika ule mkasi wa baridi, na Mama Ines akaendelea kupiga pasi kola kana kwamba hakuna kilichotokea. Baadaye nilianza kuitika. Alikuwa akiita kutoka chumbani, nami nilikuwa nimeshasema "nakuja" kabla sijafikiri. Nyumbani Noella alinitazama nikiosha vyombo. "Uko natembea kama mutu mwingine," alisema. Nikamwambia aache ushamba. Lakini Jumamosi moja tulikuwa Nakivubo katikati ya watu, na nikajikuta nimeshikwa bega kwa nguvu na kugeuzwa. Noella alikuwa anahema, jasho linamtoka. "Minakuita tangu kule kwa viatu," alisema. "Riziki, Riziki, Riziki. Watu wote wanageuka, weye hapana." Nilimwambia sikusikia kwa sababu ya kelele. Ukweli ni kwamba nilimsikia. Nilisikia mtu anaitwa Riziki, na nikaendelea na safari yangu.

Leo nikiwa na binti wa umri ule, huwa najiuliza kwa nini sikuacha kazi siku hiyo hiyo. Nafikiri ni kwa sababu nilikuwa mtu nisiyesubiriwa popote. Hapa kulikuwa na mtu aliyeweka kikombe mezani akanisubiri, na kama alinisubiri kwa jina lisilo langu, hilo lilionekana jambo dogo.

Mwisho ulikuja siku ya mvua. Nilikuwa nimevua gauni, nimevaa nguo zangu, niende Kisugu kabla barabara hazijajaa maji. Mama Ines alinishika kifundo cha mkono. Siete yake ilikuwa mpya, kali, ya hofu. Nilimwambia nitarudi kesho. Akatikisa kichwa. Sikujua kwamba mkono ule wa kushoto una nguvu kiasi kile. Nilipojinasua na kufika mlango wa jikoni nilikuta umefungwa. Mlango wa mbele pia. Alikuwa amefunga yote wakati nikibadilisha nguo, na uzi wa funguo haukuwa tena shingoni mwake. Alisimama katikati ya ukumbi na gauni la kijani mkononi, akinisogezea. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa wa mama anayemzuia mtoto asiingie barabarani, na hicho ndicho kilichonitisha, kwa sababu niliona kwamba mimi pia naogopa kutoka. Mguu wangu haukutaka. Kwa muda ambao siwezi kuupima nilisimama pale nikiwa na hakika kwamba nje ya geti lile, kwenye mvua ile, kuna watu wananisubiri. Kisha nikaanza kupiga dirisha na kupaza sauti.

Odong alikuja. Alivunja kitasa cha mlango wa jikoni kwa bega, akasimama kwenye kizingiti maji yanamtiririka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaingia. Alivua kofia. Akakaa sakafuni, miguuni pa Mama Ines.

"Mama, hii si Siete," alisema. "Hii Riziki. Hii mutoto ya watu."

Gauni la kijani likamtoka Mama Ines mkononi, likaanguka sakafuni.

"Siete mimi naliona," Odong aliendelea. "Ile siku mvua ilikuwa nanyesha hivi hivi. Mimi ilikuwa kuruta, natoka kambi, napita chini huko kwa barabara. Watu na bunduki walikuwa nasimamisha gari. Hawana sare. Yeye alikuwa anashika kikapu, alivaa nguo ya kijani na kola nyeupe. Walimweka kwa gari. Yeye aliniangalia, mama. Alijua mimi, mke wangu alikuwa najifunza cherehani kwako. Aliniangalia, mimi naliangalia chini." Alipangusa uso. "Nalikuja hapa kukwambia. Wewe ulifungua geti, ukaniona nalowa, ukanipa chai. Nikashindwa. Nikaomba kazi ya geti. Mpaka leo."

Mvua ilipiga vigae. Nilingoja kelele, nilingoja aanguke. Mama Ines alilisema neno lake, lakini halikupanda mwishoni. Lilishuka, likakaa. Alitoa ufunguo wa mlango kutoka mfukoni mwa sketi, akaniwekea kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake. Kisha akakiburuta kile kikombe cha pili, kilichokuwa kimepoa, mpaka ukingoni mwa meza, akamsogezea Odong. Odong alikunywa chai ile baridi yote, akilia kwa sauti kama mtoto.

Kuna jambo moja ambalo sijalipatia jibu na sitegemei kulipata. Kama Siete alichukuliwa akiwa amevaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, basi lile lililokuwa kabatini lilikuwa la nani? Mama Ines alikuwa mshonaji; angeweza kushona jingine la kumkumbuka. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini Odong aliliangalia siku ile likiwa limeanguka sakafuni, akaniambia tulipotoka nje, "Ni hiyo yenyewe." Na kama lilikuwa jingine, sijui lilishonwa kwa vipimo vya nani.

Tuliliharibu pamoja, mimi na Mama Ines. Nilishika kitambaa kikavutika, yeye akakata nyuzi mshono baada ya mshono kwa mkono wake wa kushoto, mpaka likawa vipande tu vya kijani. Odong alianza kula jikoni. Alasiri zilipita bila mtu kuitwa, na Mama Ines akanyamaza zaidi. Hata siete za chakula na za paka zilipungua, nikaogopa kwamba hata neno lile moja linamtoka.

Kisha Jumapili moja, nilikuwa ukumbini nikizungumza na Marta, Mama Ines akaita kutoka chumbani. Nilidhani sikusikia vizuri. Akaita tena, kwa juhudi, kama mtu anayevuta ndoo iliyojaa kutoka kisimani.

"Marta," nilisema, "*ocho* ni nini?"

"Amesema *ocho*?" Sauti yake ilikatika. "Una hakika? Shangazi amesema neno jingine?"

"Ni nini? Kwenu lina maana gani?"

"Halina maana yoyote," alisema Marta akilia. "Ni nane. Ni nane tu, inayofuata saba. Kwa nini? Anamwambia nani?"

Chumbani aliita kwa mara nyingine, wazi sasa, bila kupandisha sauti mwishoni. Hakuwa akimwuliza Siete tena; alikuwa akiniita mimi. Nililaza simu juu ya kitambaa cha kufuma, Marta bado anazungumza ndani yake, nikamwitikia.